Barua ya Wazi Kuhusu Mrija Mtupu

Kwa Bodi ya Kituo cha Rasilimali za Jenetiki za Wanyama, KAGRC, Kabete. Na kwa wakuu wa idara za mifugo katika serikali za kaunti za Kericho na Bomet

Kuna kitu kidogo kinachotupwa kila siku katika maboma ya Kericho na Bomet, na barua hii inaandikwa kwa ajili yake. Kila mfugaji wa huku amekiona. Wachache wamekiokota.

Tuseme ni boma lililo karibu na Kapkatet, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama mwenye boma ameshajitwika kikapu cha chai, lakini hajatoka, maana ng'ombe wake wa Ayrshire ameamka na mambo mengine: analia, anawapanda wenzake, ute unamning'inia. Ana joto. Simu inapigwa kwa mhudumu wa uhimilishaji, ambaye kijiji kizima humwita daktari hata kama mwenyewe hajidai hivyo. Kanuni ya kazi hiyo ni ya zamani: anayeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni, na wa jioni hupandishwa kesho yake asubuhi.

Jioni bodaboda inapanda mlima ikiwa na mtungi wa alumini uliofungwa nyuma kwa mpira. Kifuniko kikifunguliwa, ukungu mweupe unafuka, kwa kuwa ndani mna nitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhudumu anachomoa mrija wa plastiki mwembamba kama ujiti wa fagio. Anauzamisha katika maji ya vuguvugu kwa nusu dakika au zaidi kidogo, anaupangusa, anaukata ncha, anaupachika kwenye chuma chake kirefu. Mkono mmoja uliovikwa glavu hadi begani unaingia, wa pili unafuata na chuma. Kazi imekwisha kabla chai ya jikoni haijachemka. Malipo yanaingia kwa simu, bodaboda inateremka, na mrija mtupu unabaki kwenye nyasi kando ya krashi ya miti.

Ubavuni mwa mrija ule pamechapishwa jina la fahali, namba yake, aina yake na tarehe ambayo mbegu zake zilikusanywa. Hicho ndicho cheti cha baba wa ndama atakayezaliwa baada ya miezi tisa. Kuku wanakichakura.

Kwa miaka mingi hasara hiyo ilionekana ndogo. Sasa inaelekea kuwa kubwa, na sababu yake imeanzia mbali sana na Kapkatet.

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya aliyekomaa inaweza kurudishwa utotoni, ikawa seli shina, yaani seli ambayo bado haijaamua kuwa msuli, ini au ngozi. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Wenzake, Katsuhiko Hayashi na Mitinori Saitou, waliuliza swali lililofuata: je, seli hiyo inaweza kuelekezwa iwe yai la uzazi au mbegu ya kiume? Kwa panya jibu likawa ndiyo. Mbegu za kiume zilipatikana mwaka 2011, mayai mwaka 2012, na kufikia 2016 safari nzima ya yai ilikuwa ikifanyika ndani ya kisahani cha maabara. Mwaka 2023 Hayashi na timu yake wakaenda mbali zaidi: walitengeneza mayai kutokana na seli za panya dume. Viinitete 630 vilipandikizwa katika panya majike, wakazaliwa watoto 7.

Saba kati ya 630. Tarakimu hiyo inafaa kukumbukwa kila mara mtu anapokuja na slaidi za kumeremeta.

Na asiyeamini kwamba jambo hili linaihusu Kenya aende Laikipia. Vifaru weupe wa kaskazini wanne waliletwa katika hifadhi ya Ol Pejeta mwezi Desemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, dume wa mwisho, alifariki tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki Najin na binti yake Fatu, wote majike, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba salama. Tangu Agosti 2019, wataalamu wa mradi wa BioRescue unaoongozwa na Thomas Hildebrandt wa Berlin, wakishirikiana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, wamekuwa wakitoa mayai ambayo husafirishwa kwa ndege hadi Cremona, Italia. Huko, katika maabara ya Avantea, hurutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa. Wasomaji wa barua hii watapenda kujua kwamba mkate wa kila siku wa maabara hiyo ni farasi na ng'ombe. Mikono inayomhudumia kifaru ilifunzwa kazi na mifugo.

Mayai ya majike wawili hayawezi kuokoa ukoo, kwa hiyo Hayashi akaitwa. Mwezi Desemba 2022 timu yake ilitangaza kwamba imepata seli za mwanzo kabisa za uzazi kutokana na seli shina za kifaru mmoja jike, Nabire, aliyekuwa amekufa tangu 2015. Bado si yai. Ni hatua ya kabla ya yai, na kutoka hapo hadi kwa mtoto wa kifaru njia ni ndefu. Lakini hatua hiyo ilipigwa kwa kuwa kuna mtu, miaka kadhaa nyuma, aliyechukua kipande cha ngozi, akakigandisha na kuandika juu yake: Nabire.

Ol Pejeta imetoa pia funzo jingine, la uchungu. Tarehe 24 Septemba 2023 kiinitete cha kifaru mweupe wa kusini, kilichotengenezwa maabara, kiliwekwa katika tumbo la jike aitwaye Curra. Mimba ikashika, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa kifaru kwa njia hiyo. Kisha mvua kubwa zikanyesha, zikafukua vimelea vya bakteria ya Clostridium ardhini, na Curra akafa mwezi Novemba. Ndani yake alikutwa kijusi dume cha siku 70, urefu wake sentimita 6.4. Maabara ilikuwa imefaulu mtihani wake. Udongo wa Laikipia ulikuwa na mtihani wa kwake.

Ng'ombe naye yuko kwenye foleni. Mwaka 2018 maabara ya Pablo Ross katika Chuo Kikuu cha California, Davis, ilitangaza njia ya kuaminika ya kupata na kutunza seli shina kutoka viinitete vya ng'ombe, kazi iliyokuwa imewashinda wengi kwa miaka mingi. Tangu hapo wataalamu wa uzazi wa mifugo wamekuwa wakiizungumzia ndoto hii waziwazi: chukua kiinitete, toa seli shina, zipime jeni zake, chagua zilizo bora, zigeuze mayai na mbegu, zikutanishe, upate kiinitete kipya, uanze tena. Hakuna fahali anayelishwa, hakuna mtamba anayengojewa. Ng'ombe wengi wa wakulima wadogo wa Kenya huzaa kwa mara ya kwanza wakiwa wamekaribia miaka mitatu au wameipita. Wanaoipigia debe njia hii wanasema kizazi kimoja kitahesabiwa kwa miezi.

Hadi sasa ni ahadi, ndama hajaonekana. Hata hivyo uhimilishaji nao ulikuwa ahadi, na mbegu zilizochaguliwa ili kuzaa majike zilikuwa ahadi pia. Leo zinauzwa Litein na Sotik kwa anayemudu. Mwandishi wa barua hii hana hofu kwamba teknolojia itachelewa kufika. Hofu yake ni kwamba itafika na kumkuta ng'ombe wa Bomet hajulikani.

Kwa maana seli haina macho. Mtaalamu anapotazama jeni za kiinitete na kusema hiki ni bora, hakioni kiinitete chenyewe kikikamuliwa; anakilinganisha na hazina ya kumbukumbu za maelfu ya ng'ombe waliopimwa maziwa, waliohesabiwa ndama, walioandikwa walichougua na walichokufa nacho. Huko Marekani na Ulaya, hazina hiyo ipo, na tangu 2009 fahali wa Holstein huchaguliwa kwa jeni wakiwa bado ndama. Ila ng'ombe walioandikwa humo hula nafaka, hulala kwenye zizi lenye paa, na kupe kwao si hadithi ya kila wiki. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa jinsi alivyostahimili ndigana kali akila majani ya matindigani na mabua ya mahindi. Wala, kwa kuwa tumegusa mambo ya huku, hakuna fahali wa Wisconsin ambaye binti zake wamewahi kupimwa kama maziwa yao hutoa mursik nzuri, maziwa yetu ya mgando, ndani ya kibuyu cha sotet.

Maabara yenye kasi kubwa ikitumia kumbukumbu za Wisconsin itampa mama wa Kapkatet ng'ombe wa Wisconsin, tena upesi kuliko zamani.

Kwamba kumbukumbu za hapa zina thamani si jambo la kubahatisha. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, pamoja na Taasisi ya Roslin ya Edinburgh, walitangaza kwamba wamepata eneo la jeni linaloelekea kuwapa ng'ombe uwezo wa kuhimili ndigana kali. Walilipataje? Walifuata ukoo wa fahali mmoja wa Boran ambaye wazao wake wengi walikuwa wakipona pale wengine walipokufa. Bila kujua nani ni mtoto wa nani, wale wangekuwa tu ng'ombe wenye bahati. Ugunduzi wenyewe ulikuwa wa mashine za kisasa, lakini mlango wake ulifunguliwa na daftari la ukoo.

Mfano mwingine ni ADGG, mradi wa kuboresha mbegu za ng'ombe wa maziwa Afrika, ulioanzishwa na ILRI na washirika wake mwaka 2016, ukaanza Tanzania na Ethiopia. Watu walitembea boma kwa boma na simu zenye programu ya kunakili maziwa, uzazi na afya ya ng'ombe wa wakulima wadogo, sampuli za jeni zikachukuliwa, na mafahali chotara wa huko huko wakaanza kupangwa kwa ubora kulingana na binti zao walivyofanya katika mazizi ya kweli. Baadhi yao wakapelekwa Usa River karibu na Arusha, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Tanzania. Yaani fahali anachaguliwa kwa yale ambayo binti zake wameyafanya Kilimanjaro na Mbeya. Hilo ndilo jambo ambalo Kericho na Bomet wanalihitaji, na linaweza kuanza bila kisahani hata kimoja cha seli shina.

Haifai kusema kwamba Kenya haijui kazi hii. Kabete ilianza kuwa kituo cha uhimilishaji mwaka 1946, miaka 17 kabla ya uhuru. Mwaka 1966 huduma ya taifa ikaundwa, na wazee wa Belgut na Konoin bado wanakumbuka gari la serikali lililokuwa na njia yake na saa yake: ng'ombe mwenye joto aliletwa kando ya barabara, akafungwa kwenye krashi, mwenyewe akaketi kivulini akisikiliza ngurumo ya Land Rover. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huduma hiyo ilikuwa ikipandisha ng'ombe nusu milioni hivi kwa mwaka nchi nzima. Halafu fedha zikapungua, na katika miaka ya 1990 serikali ikajitoa, kazi ikaachiwa watu binafsi.

Watu binafsi hawakuiharibu. Mhudumu wa bodaboda leo anafika kwenye mabonde ambayo Land Rover haikuthubutu. Kilichopotea ni mahali pamoja pa kukusanyia habari. Kila mhudumu ana kitabu chake, kama anacho. Kitabu kikiloa mvua au mwenyewe akihama, ukoo wa ng'ombe wa kata nzima umefutika. Kenya Stud Book ipo tangu enzi za walowezi, na kituo cha kuhifadhi kumbukumbu za mifugo kipo Naivasha, lakini mkulima mwenye ng'ombe wawili na ekari moja ya chai hajawahi kuona sababu ya kupeleka jina la ng'ombe wake huko, na hakuna aliyekuja kumwonyesha.

Hapo ndipo penye kichekesho cha nchi ya chai. Mama yule yule wa Kapkatet, akifika kituo cha kununulia majani, anaitwa kwa namba. Majani yake yanawekwa kwenye mizani ya kielektroniki, risiti inatoka, kilo zinaingia kwenye mtambo wa kiwanda chini ya namba yake, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Akitaka kujua alichuma kilo ngapi Juni ya mwaka juzi, ataambiwa. Akiuliza ng'ombe wake alitoa lita ngapi Juni ya mwaka juzi, hakuna wa kumjibu. Ushirika wa maziwa unajua lita za boma lake; haujui zipi zilitoka kwa Ayrshire na zipi zilitoka kwa yule mweusi mwenye nundu kidogo. Kwa uchaguzi wa mbegu, lita za boma ni kama alama za darasa zima zilizojumlishwa pamoja: hazisemi mtoto gani ana akili.

Na chai ndiyo iliyopaswa kuwafundisha watu wa huku hatari ya pili. Taasisi ya utafiti wa chai iliyo Timbilil, nje kidogo ya mji wa Kericho, ilianza mwaka 1951. Kutoka huko ilitoka kloni 6/8, ambayo ilienea mashambani kwa ubora wa kikombe chake. Kila aliyewahi kufanya kazi ya kitalu anajua jinsi kloni inavyozaliwa: jani moja na kipande cha shina chini yake, kinachomekwa kwenye mfuko wa plastiki wenye udongo, kinafunikwa kivulini, na baada ya mwaka hivi mche uko tayari. Kila mche ni mama yule yule. Shamba zima ni kichaka kimoja kilichorudiwa mara elfu kumi. Ni raha, mpaka ugonjwa au ukame unaokipata kichaka hicho vibaya ufike. Hapo unavipata vichaka vyote kwa pamoja. Watafiti wa Timbilil wanalijua hilo, ndiyo maana hawakukoma kutafuta kloni nyingine, ikiwamo ile ya zambarau iliyotolewa mwaka 2011. (Zambarau ilipokewa kwa shangwe kuliko soko lilivyoweza kulipa, lakini hiyo ni barua nyingine.)

Ng'ombe wamekwisha kuonja jambo la namna hiyo hata bila seli shina. Fahali mmoja wa Holstein wa Marekani, Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962, alikuwa na maelfu ya binti na wajukuu wasiohesabika, wote wakimwaga maziwa. Ndani ya damu yake mlikuwa na kasoro ndogo katika jeni iitwayo APAF1. Ndama akiirithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, hufia tumboni. Kasoro hiyo ilikuja kutambuliwa miongo kadhaa baada ya Chief kufa, na wataalamu wakakadiria kwamba ilikuwa imesababisha ng'ombe wapatao nusu milioni kuharibu mimba duniani. Hiyo ilikuwa kasi ya mrija wa nitrojeni. Kasi ya kisahani, ambapo vizazi vitatu vinaweza kupita kabla binti hata mmoja hajakamuliwa, itaeneza jema na baya kwa mwendo mmoja.

Kwa hiyo pamoja na daftari inahitajika ghala. Kuna kuku wa kienyeji, kuna zebu wachache waliobaki kwenye miteremko ya chini kuelekea Sotik na Chepalungu, kuna chotara wa miaka kumi na miwili aliyezaa ndama tisa bila kuitiwa daktari hata mara moja. Hao wakichinjwa wanakwenda na siri zao. Kipande cha ngozi ya sikio kinachochukuliwa siku ya kuvishwa hereni kinatosha kuhifadhi seli za ng'ombe. Nabire ni ushahidi. Kwa kuku, ILRI na Roslin wameshafanya kazi ya kuhifadhi seli za mwanzo za uzazi za kuku wa Kenya, maana yai la kuku haligandishwi likafaa. Na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, lina taasisi yake ya rasilimali za jeni pale Muguga. Friji zipo. Kinachokosekana ni ng'ombe wa Chepalungu ndani ya friji, na karatasi inayosema ni wa nani.

Karatasi hiyo ndiyo itakayoleta ugomvi, bora ujadiliwe mapema. Mwaka 1992 watafiti wa kigeni walichota vijidudu katika Ziwa Bogoria, si mbali kutoka huku. Miaka baadaye kimeng'enya kilichotokana navyo kikawa bidhaa ya kampuni ya Marekani, kikitumika kupausha suruali za jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilikuwa bado linadai haki ya Kenya. Tangu hapo nchi imeingia katika Itifaki ya Nagoya, mwaka 2014, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2022. Swali la mkulima hata hivyo ni la karibu zaidi. Seli za ng'ombe wake zikigeuka mayai elfu, kila yai likawa ndama, ndama ni wa nani?

Wakipsigis walikuwa na jibu la swali linalofanana na hilo kabla ya nitrojeni kufika Kabete. Katika desturi ya kimanagan, mtu aliwaweka baadhi ya ng'ombe wake katika maboma ya marafiki wa mbali, ili tauni au uvamizi usimalize kundi lote kwa siku moja. Aliyepokea alitunza na kukamua. Ng'ombe alibaki wa mwenyewe, na uzao wake ulijulikana ni wa nani, na pande zote mbili zilijua lini mtunzaji anastahili zawadi ya ndama. Hapakuwa na wakili, palikuwa na mashahidi. Seli iliyolazwa katika friji ya Kabete, Muguga au Edinburgh ni ng'ombe aliyewekwa kimanagan. Mtunzaji apate maziwa yake, yaani maarifa na hata faida. Lakini mwenye ng'ombe aandikwe, na uzao usipotee gizani.

Waheshimiwa, barua hii haiombi maabara ya seli shina Kericho. Jengo la namna hiyo likijengwa leo litakatwa utepe, litapigwa picha, kisha litakuwa ghala la mbolea. KAGRC inaombwa ianzishe namba moja kwa kila ng'ombe anayepandishwa kwa mbegu zake, na ikubali habari za binti za mafahali wake kutoka kwa wakulima wadogo wa magharibi mwa Bonde la Ufa. Si haki fahali wa Kabete ahukumiwe kwa binti wa mashamba makubwa pekee. Kaunti zinaombwa zimlipe mhudumu kitu kidogo kwa kila tukio la uhimilishaji, uzazi au kifo analolituma kwa simu, kwa kuwa hakuna mtu mwenye nauli ya bodaboda kichwani atakayeandika kwa ajili ya sayansi tupu. Vyama vya ushirika vya maziwa navyo viombwe kupima maziwa ya kila ng'ombe mara moja kwa mwezi, asubuhi na jioni, kwenye maboma machache yaliyo tayari. Kumbukumbu mia mbili zilizoandikwa vizuri zinashinda elfu ishirini zilizokisiwa. Na kabla sampuli yoyote haijatoka katika kaunti, kuwe na mkataba wa kurasa mbili, kwa Kiswahili na Kikipsigis, unaosomwa kwa sauti mbele ya mwenye ng'ombe.

Hayo yanahitaji bajeti, na bajeti inahitaji vikao. Lipo moja lisilohitaji chochote. Waagizeni wahudumu wote wenye leseni katika kaunti hizi mbili, kuanzia Jumatatu ijayo, wasiutupe mrija mtupu. Waupanguse, waukabidhi kwa mwenye ng'ombe, na wamwambie aubandike kwa selotepu kwenye ukurasa wa daftari la mtoto la shule, pamoja na tarehe na jina la ng'ombe.